Kamera tatu msituni Shinyalu, na mtu aliyeonekana kwenye moja tu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa picha na wasio wa picha.

Tangu juma lililopita nawasoma mkirushiana maneno kuhusu sensor ipi ina dynamic range kubwa na ipi ina noise. Mmeitana majina. Kuna mmoja kamwambia mwenzake aache kamera akauze mandazi. Nilikuwa nacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika, maana kazi hiyo mnayogombania bure mimi niliwahi kulipwa mshahara kuifanya, na niliifanya vibaya. Sizungumzii vipimo. Vipimo mwishowe vilitoka sawa kabisa.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu. Mke wangu anajua nusu ya kisa, nusu nyingine ataisoma hapa kama wengine. Ni marefu kidogo, kwa hiyo soma polepole, hakuna mtihani mwishoni.

Twende.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Matete, kaskazini mwa Kakamega. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimemaliza diploma ya misitu, sina mke, sina mtoto, na viatu nilikuwa na pea moja.

Nikapata kazi kwa mtafiti mmoja, mwanamke wa Kizungu ambaye wote tulimwita Daktari. Alikuwa anachunguza jinsi mwanga unavyoingia katika msitu wa Kakamega pale ambapo miti mikubwa ilianguka au ilikatwa, na ni miche gani huota pale chini. Kazi yake yote ilitegemea picha.

Filamu ilikuwa imemchosha. Unapeleka mjini kusafishwa, unasubiri, halafu unakuta nusu ya picha hazifai. Kwa hiyo aliporudi kwao kufundisha kwa miezi minane, aliniachia kamera tatu za digitali, tripod ya kusimamishia kamera, laptop nzito kama tofali na karatasi mbili za maelekezo. Nipige picha sehemu zilezile, saa zilezile, kwa kamera zote tatu, nilinganishe, kisha nimwandikie ni ipi inafaa.

Vijana wa siku hizi hamuwezi kuelewa. Kamera ya digitali wakati ule ilikuwa kitu cha watu kuja kutazama. Moja kati ya hizo ilihifadhi picha kwenye disketi, zile za mraba za kompyuta. Ukibonyeza, inakoroma ndani kama mzee aliyeshiba, wewe unasubiri imalize ndipo upige nyingine.

Nilizipa majina A, B na C.

Kwa wale wasio wa fani, nieleze mara moja halafu sitarudia. Msituni saa sita mchana, juu kuna pengo ambalo jua linamwagika, na chini kwenye mizizi kuna giza. Jicho lako linaona vyote viwili bila taabu. Sensor, lile jicho la ndani ya kamera, haiwezi. Ukiipimia jua, chini panakuwa peusi ti. Ukiipimia giza, juu panakuwa peupe pe. Upana wa kile inachoweza kushika kati ya mwanga na giza ndio dynamic range.

Sasa ukichukua ile sehemu nyeusi ukailazimisha kwenye kompyuta iwe na mwanga, zinatokea chengachenga, vidoa vyekundu na vya buluu, kama televisheni ambayo antena imeanguka. Hiyo ndiyo noise.

A, ile ya disketi, ilikuwa inakata tamaa mapema. Gizani haikuona kitu, basi, ilikupa weusi mtupu na haikudanganya. C ilikuwa mpya kuliko zote, chenga zake zilikuwa laini kama unga uliochekechwa. B ndiyo niliyoipenda mwanzoni. Ilishika mawingu vizuri, na gizani ilionekana kama ina mengi ya kusema. Ila ilikula betri na ikawa inapata joto mkononi.

Nilikuwa nimepangishiwa chumba katika boma la mama mmoja mjane, upande wa Shinyalu, mahali ambapo mashamba ya chai yanaisha na njia ya miguu inaingia msituni. Nitamwita Mama Selina. Katika boma lile walikuwa yeye, mkaza mwana wake Rosa, na binti wa Rosa ambaye alikuwa ameanza shule. Chumba changu kilikuwa upande wa pili wa uwanja, kina kibaraza kidogo cha saruji.

Wakuu, nisiwafiche, sijawahi kuwa mpweke kama wakati ule. Watu wa pale ni Waisukha, mimi ni Mkabrasi. Kiluhya chao na changu ni ndugu, lakini ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Walinisalimu vizuri kila siku, na salamu iliishia palepale barabarani. Kanisani nilipewa kiti cha mgeni, na wiki iliyofuata nikapewa tena kiti cha mgeni.

Mchana kutwa nilikuwa msituni, na maneno yangu yote yalikuwa namba za vigingi. Daktari alikuwa ameweka vigingi kumi na viwili, kila kimoja na namba yake, na mimi napita kimoja baada ya kingine. Nilianza kuongea na kamera. A nilikuwa naigombeza, C naisifu, B naipa pole kwa joto. Barua ya Daktari ilikuja mara moja kwa mwezi, ikiuliza habari za vigingi. Mimi mwenyewe haikuniuliza habari zangu hata siku moja.

Mama Selina naye mwanzoni aliniambia jambo moja tu, kwamba nifunge mlango mbuzi wasiingie.

Habari za Javan nilizipata vipandevipande, nyingi kwa mwenye duka. Javan alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Mama Selina, na ndiye mume wa Rosa. Miaka sita kabla sijafika, asubuhi moja, aliingia msituni na panga kutafuta kamba za kufungia paa la jiko. Hakurudi. Walimtafuta wiki mbili. Baadaye kila mtu akawa na lake, huyu anasema ameonekana Eldoret, yule anasema ameoa Uganda.

Kwetu Waluhya, mtu akipotea miaka na mwili wake usipatikane, ukoo unakaa na kukata shauri. Unakatwa mgomba, unafungwa shuka, unazikwa kama mtu, kwa maombi na nyimbo na kila kitu. Aliyepotea anapumzika, na waliobaki wanaendelea na maisha.

Bila hivyo, Rosa hakuwa mke na hakuwa mjane. Hakuweza kurudi kwao Musanda na mtoto, hakuweza kuolewa, na kila alichoomba aliambiwa angoje mwenye nyumba. Mwenye nyumba ndiye hayupo.

Mama Selina alikuwa amekataa mazishi hayo miaka yote sita. Mwaka ule alikubali. Mzee Amunga, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye aliyeongoza kikao. Siku ikapangwa, Jumamosi. Mgomba wenyewe ulishachaguliwa, nyuma ya jiko, na ulikuwa umefungwa kitambaa ili mtu asiukate kwa bahati mbaya.

Zilikuwa zimebaki siku kumi hivi.

Jumanne moja nilipiga picha kwenye vigingi vyote kama kawaida. Utaratibu ulikuwa A mara mbili, B mara mbili, C mara mbili, sekunde nzima kila picha kwa sababu ya giza. Laptop nilikuwa nimeichaji kwenye ofisi ya msitu. Alasiri nikakaa kibarazani kulinganisha, nikafika kigingi cha saba, kamera B, nikaanza kuinua mwanga kwenye ile sehemu nyeusi ya kushoto.

Mama Selina alikuwa anafukuza kuku waliokuwa wameingia kwenye mahindi yaliyoanikwa. Akapita nyuma yangu. Akasimama.

Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia niache hapo hapo, nisiguse.

Nami nikatazama vizuri. Kushoto kwa mti mkubwa, ndani kabisa ya giza, kulikuwa na kitu kimesimama. Kirefu, chekundu-chekundu, na kwa juu kimeinama kidogo upande mmoja, vile mtu anavyoinamisha kichwa akisikiliza.

Nikamwambia mama, hizi ni chengachenga, kamera ikikosa mwanga inabuni vitu. Hakunitazama hata. Alisema, "Mimi nilizaa huyu. Najua vile anasimamanga."

Nikaona dawa ni kulinganisha, si ndiyo kazi yangu? Nikamfungulia picha za A za kigingi kilekile. Hakuna kitu. Nikafungua za C. Hakuna kitu. Nikamwambia, unaona mama, angekuwa mtu angeonekana kwenye zote tatu.

"Mtu si mti," akasema. "Amesonga."

Wakuu, alikuwa na hoja. Kati ya A na B kulikuwa na dakika nzima ya kubadilisha kamera. Mtu anaweza kuja na kuondoka.

Basi nikafungua picha ya pili ya B, nikiwa na uhakika kwamba kile kitu hakitakuwepo. Noise ni kama mchele uliomwagwa sakafuni. Ukiumwaga mara ya pili hauanguki vilevile. Kitu kinachorudi mahali palepale si noise, ni kitu. Nilikuwa nimeandika hivyo kwa mkono wangu kwenye daftari ya Daktari.

Picha ikafunguka. Alikuwepo. Palepale, wekundu uleule, kichwa kimeinama vilevile.

Nisijifanye shujaa hapa, kwa siku tano zilizofuata mimi pia niliamini. Nilirudi kigingi cha saba kesho yake nikatafuta kushoto kwa ule mti. Nilikuta majani yaliyooza na mizizi. Nikajiambia mvua imefuta nyayo.

Habari ilifika kwa mzee Amunga kabla sijamaliza chai. Alikuja na wazee wawili, nikawafungulia laptop. Mmoja wao alivua kofia. Mzee Amunga alitazama muda mrefu, akaniuliza kama mashine hii inaweza kudanganya. Nikamwambia sijawahi kuona ikidanganya namna hii, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mazishi yakasimamishwa. Hakuna anayezika mgomba wa mtu aliyeonekana juzi.

Rosa aliitwa naye atazame. Alitazama, akamshika mtoto wake mkono, akaenda shambani.

Sasa hapa ndipo sehemu ninayoionea aibu inapoanza.

Kuanzia siku ile Mama Selina alibadilika kabisa. Kila alasiri alivuka uwanja kuja kibarazani kumwona Javan. Na hakuja mikono mitupu. Alileta obusuma, ugali wetu, wa moto na mboga za kienyeji zilizolala kwenye maziwa, na Ijumaa alileta ingokho, kuku mzima amekatwakatwa kwa ajili yangu peke yangu. Mnaojua mila zetu mnajua kuku hachinjiwi mpangaji.

Alikaa kwenye kigoda, nikimfungulia picha, akawa anasimulia. Javan alivyoogopa mbuzi akiwa mdogo. Javan alivyokuwa anaimba bass kanisani bila kujua maneno. Alianza kuniita mtoto yangu. Aliniuliza mama yangu mzazi anaitwaje, na tangu nifike Shinyalu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikuwa namaliza vigingi mbio ili niwahi kurudi.

Jumapili, siku ya tano, sikuwa na la kufanya asubuhi. Nikazipitia zile karatasi za maelekezo, nikakuta zoezi moja ambalo nilikuwa nimeliruka tangu siku ya kwanza kwa sababu lilionekana la kipuuzi. Ziba lenzi kwa kifuniko chake. Piga picha sekunde nzima. Fanya hivyo kwa kila kamera. Nani anapiga picha ya kifuniko?

Nikafanya. A ilitoa weusi mtupu. C ilitoa weusi wenye unga wake laini. Nikafungua ya B, nikainua mwanga.

Alikuwa amesimama pale. Mrefu, mwekundu, kichwa kimeinama upande mmoja.

Lenzi ilikuwa imezibwa, wakuu. Nilikuwa chumbani mwangu, kilomita kadhaa kutoka kigingi cha saba, na kamera haikuwa inaona chochote.

Baadaye nilielewa. Sensor nyingine zina ugonjwa wake wa kuzaliwa. Kuna mistari ya pixel, vile vitone vidogo vinavyounda picha, inayovuja, na kamera ikipata joto na picha ikachukua muda, mistari ile inawaka yenyewe. Si mchele uliomwagwa, ni kovu, na kovu halihami. Kwenye picha zenye mwanga lilimezwa. Kwenye giza lilijitokeza, na kigingi cha saba ndicho kilikuwa na giza kuliko vyote upande ule wa kushoto. Javan alikuwa ndani ya kamera B siku zote, hata wiki ambazo nilikuwa namtazama bila kumwona.

Nilicheka kwa nguvu, peke yangu, kama mtu aliyefumbua kitendawili. Halafu nikasikia ndara za Mama Selina uwanjani, ametoka kanisani moja kwa moja na sahani mkononi.

Nikafungua ile picha ya kigingi cha saba, nikamwekea kigoda.

Najua mnachotaka kuandika kule chini. Subirini kwanza, bado.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yake akaleta viazi vitamu. Nikajiambia nipate uhakika kwanza, nirudie kipimo. Nikarudia mara nne, na mara zote nne alikuwepo. Nikajiambia ni huruma, kwa nini nimnyang'anye mama mzee furaha yake.

Haikuwa huruma. Ilikuwa ni ule mlio wa ndara zinavuka uwanja kuja kwangu. Nilijua kwamba siku nitakayosema, hazitavuka tena.

Jumatano niliingia msituni mapema, nikakuta sahani kwenye kigingi cha saba. Ilikuwa imefunikwa jani la mgomba na kuwekewa jiwe juu. Ndani kulikuwa na obusuma na nyama ya kuku. Mama Selina alikuwa ametembea mwendo wote ule, na mguu wake wa kushoto wenye baridi yabisi, kumletea mwanawe chakula.

Nilisimama pale nikiwa na tripod begani. Ningeweza kuichukua ile sahani na kwenda nayo moja kwa moja kwake. Nilipiga picha zangu nikaenda kigingi cha nane. Niliporudi, nyani walikuwa wamekaa kwenye mzizi wanajilamba vidole, na lile jani limetupwa mbali.

Kesho yake nilimsikia akimwambia Rosa jikoni kwamba sahani ameikuta tupu. Kwamba amekula.

Bado nikanyamaza.

Rosa ndiye aliyekatisha ukimya huo. Alinikuta kwenye njia ya miguu kati ya chai, yeye ana jembe, mimi nina kamera. Kabla ya hapo hatukuwahi kuzidisha salamu. Aliniuliza bila kuzunguka kama yule kwenye kompyuta ni mume wake au siye. Nikamwambia bado nalinganisha.

Alinitazama kama anayepima kitambaa. Akasema, "Mimi nimengoja miaka sita, hiyo nimezoea. Lakini kama wewe unajua na umenyamaza, basi sahii si Javan amenifunga. Ni wewe."

Akaenda zake. Nilikaa chini palepale kwenye chai mpaka jua likanihama.

Nilihesabu. Tangu nijue ukweli zilikuwa zimepita siku kumi na moja.

Asubuhi iliyofuata nilichukua kamera B na laptop nikaenda jikoni kwa Mama Selina, mimi nikavuka uwanja mara hii. Alikuwa anachambua maharagwe. Rosa alikuwa kwenye jiwe la kusagia. Nikamwomba Mama Selina azibe kamera kwa kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Akaziba. Nikamwambia aifunike na kitambaa. Akaivua leso yake ya kichwa akaizungushia mara mbili. Nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza.

Nikaingiza kwenye laptop. Nikainua mwanga polepole.

Aliposimama yule mtu, Rosa aliacha kusaga. Mama Selina alisogeza uso karibu. Aliigusa skrini na kidole kikavu, pale kwenye kichwa kilichoinama.

Akauliza kama hiyo ndiyo picha aliyopiga yeye sasa hivi, na leso juu. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, kana kwamba labda swali la kwanza sikulisikia. Nikamwambia ndiyo mama, ni ugonjwa wa kamera, anakuwemo humo hata ikifumba jicho.

Maharagwe mawili yalianguka kutoka mapajani mwake, hakuyaokota.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Nilikuwa na neno jana mdomoni kabisa.

"Jumapili ile ya kwanza, mama. Siku ulitoka kanisani."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, na nikamwacha ahesabu. Alipomaliza akasema, "Na ulikuwa unakula tu."

Alichukua leso yake, akaikung'uta, akaifunga kichwani, akarudi kwenye maharagwe.

Mazishi yalifanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na ua, bila kamera yoyote. Mgomba ulikuwa umefungwa shuka nyeupe na juu yake wamelaza shati la Javan. Watu waliimba. Nilikuwa nimeshafungasha mizigo yangu, ofisi ya msitu walikuwa na chumba kitupu.

Mnajua mazishi yetu. Kuna wakati anaitwa aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho, asimame aeleze ilivyokuwa, ili ukoo usikie kwa masikio yao na asije mtu kesho na maneno mengine. Mzee Amunga akauliza ni nani alimwona Javan wa mwisho. Rosa akainuka, maana yeye ndiye aliyemwona akitoka na panga asubuhi ile.

Mama Selina akamshika nguo. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu alisikia.

"Ngoja. Si wewe. Huyo wa Matete ndiye alituonyesha wa mwisho. Yeye ndiye aongee."

Vichwa vyote viligeuka. Watu walinipisha njia mpaka kwenye ukingo wa kaburi, na mimi nilitembea, sijui miguu ilikuwa ya nani.

Nilisema kwa Kiluhya changu cha Kabras, wakacheka kidogo mwanzoni, halafu wakaacha. Nilisema sikuwahi kumwona Javan maishani. Kwamba walichokiona wazee ni kovu la kamera. Kwamba nilijua, na nilikaa siku kumi na moja nikiwa najua, na Rosa akangoja siku hizo juu ya miaka yake sita, na mama akapeleka chakula msituni kikaliwa na nyani. Nilikuwa sijawaambia hilo la nyani. Nilimwona Mama Selina akifumba macho.

Mzee Amunga akauliza sababu. Hakuuliza kwa hasira.

Nikasema nilikuwa peke yangu, na mama alikuwa ananipikia.

Hakuna aliyenizomea, na afadhali wangenizomea. Mzee mmoja aliguna. Kisha Mama Selina akaja na ule mguu wake mpaka niliposimama, akainama, akachota udongo, akauweka kwenye kiganja changu na kukifunga kwa vidole vyake.

"Haya," akasema. "Tupa na urudi nyuma."

Nikatupa. Nikarudi nyuma.

Rosa aliondoka kwenda Musanda juma lile lile, na mtoto wake na masanduku mawili. Nilisikia baadaye kwamba aliolewa na ana duka. Mimi nilihamia ofisi ya msitu, nikamaliza miezi iliyobaki. Nilipokutana na Mama Selina njiani nilimwamkia akaitikia vizuri, kama anavyoitikia mtu yeyote.

Ripoti nilimwandikia Daktari. A haina kitu gizani. B ina mistari inayovuja, haifai kwa picha za muda mrefu. C ndiyo bora, kivuli chake ni safi. Akanijibu kwa barua nzuri ya kunipongeza, na mwishoni akauliza kwa nini lile zoezi la kuziba lenzi sikulifanya wiki ya kwanza kama alivyoelekeza.

Nilimjibu kwamba kulikuwa na mvua nyingi.

Haya wakuu. Somo la kamera ni dogo: kabla hujainua mwanga kwenye kivuli na kumwonyesha mtu, ziba lenzi upige giza, ujue sensor yako inabuni nini ikiwa haioni kitu. Hizi za siku hizi zinajisahihisha zenyewe ndani kwa ndani, ndiyo maana mnapata nafasi ya kutukanana juu ya tofauti isiyoonekana kwa macho.

Somo lingine sijui niliandikeje. Upweke si dhambi, ila unaweza kumfanya mtu mwenye akili timamu akae na jawabu la mwenzake mfukoni huku anakula chakula chake. Hilo nimelifanya mimi, na nilikuwa nalipwa kusema kinachoonekana na kisichoonekana.

Nakaribisha maoni, hata makali, nitayasoma yote. Mwenye kujua ule udongo ulikuwa wa msamaha au wa kunifukuza aniambie, maana nimeugeuza kichwani miaka yote hii sijapata.

Ila tafadhali, mtu asiniandikie kwamba la muhimu ni kuwa mwishowe nilisema. Nilisema siku ya kumi na mbili. Hizo kumi na moja nilishiba.